Dola 750, bwawa la tope na ndoo za Asheville

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mwinyi yupo, chai yake ipo, na leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kujifunza kutokana na kimbunga Helene. Nimeyapanga kwa namba kabisa.

MWINYI: Matano! Kipindi kilichopita yalikuwa manne na tukaishia la kwanza.

ZUHURA: Leo tunamaliza. Naanza na kilichonikuta Jumanne. Lile kundi la WhatsApp la ukoo...

MWINYI: La shemeji wa maua ya waridi kila alfajiri.

ZUHURA: Huyo huyo. Katuma sauti iliyokwisha kusambazwa mpaka ina ile mishale miwili. Mtu anasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba serikali ya Marekani iliwapa waathirika wa Helene dola 750 basi, kwamba ni mkopo, usipolipa wanachukua kiwanja chako, na hela nyingine yote ilikwishia kwa wahamiaji. Helene ilipiga Septemba 2024. Sauti bado inatembea.

MWINYI: Na imeshahamia Kiswahili. Umemjibu?

ZUHURA: Nilianza, nikafuta. Nikasema tutaongea hapa. Kwa ambaye hakufuatilia: kimbunga kiliingia nchi kavu Florida, karibu na Perry, usiku wa tarehe 26, kikiwa daraja la 4, upepo wa kilomita kama 225 kwa saa. Lakini kilichotikisa Marekani si pwani. Ni milimani, magharibi mwa North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini. Jimbo hilo peke yake lilipoteza watu zaidi ya 100.

MWINYI: Na mvua ilitangulia kimbunga chenyewe, hilo watu hulisahau. Kuanzia tarehe 25 mlima ulikuwa unanyeshewa. Udongo ukishashiba, tone la ziada halina pa kwenda, linateremka na mlima wote. Pale Busick, kulekule milimani, walipima zaidi ya milimita 750 kwa siku chache. Mto French Broad pale mji wa Asheville ukapita rekodi ya mwaka 1916.

ZUHURA: Watu wa milimani wengi hawakuwa na bima ya mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, unanunua nyingine kando, na ukiinunua leo kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Huwezi kuikimbilia dhoruba ikishatangazwa. Katika kaunti nyingi za kule, wenye bima hiyo hawakufika hata asilimia moja. Kwa hiyo macho yote yakaenda FEMA, shirika la maafa la serikali kuu ya Marekani.

MWINYI: Sasa wape ukweli wa 750.

ZUHURA: Dola 750 ni malipo ya mwanzo. Ni ya maji, chakula, maziwa ya mtoto, dawa, mafuta ya gari. Yanatoka kabla mkaguzi hajafika nyumbani kwako. Si mkopo. Baada ya hapo yanafuata mafungu mengine: pango la muda, matengenezo, samani, gari, mazishi. Kwa maafa yale kikomo kilikuwa dola 42,500 upande wa nyumba, na 42,500 nyingine upande wa mahitaji mengine. Ila wengi hawakaribii kikomo, kwa sababu FEMA haikujengei nyumba upya. Inakurudishia paa lisilovuja, choo kinachofanya kazi, umeme salama. Basi.

MWINYI: Na habari ya kudaiwa?

ZUHURA: Hapo uvumi ulipata pa kushika. Ukilipwa na FEMA halafu bima ikakulipa kwa kitu kilekile, FEMA inaweza kudai irudishiwe. Mtu anasikia "wanaweza kudai", kufika barazani imeshakuwa "wanachukua kiwanja". Na habari ya wahamiaji: lile ni fungu jingine, dola zaidi ya milioni 640 kwa mwaka 2024, Bunge lililitenga kupitia idara ya forodha na mipaka, FEMA ikawa inagawa tu. Mfuko wa maafa una akaunti yake.

MWINYI: Sawa. Kabla hujafika namba moja, naomba dakika moja niseme habari ya ndoo.

ZUHURA: Mwinyi.

MWINYI: Dakika moja, Bi Zuhura! Asheville, mji wa watu zaidi ya 90,000, mabomba yalikauka. Maji salama ya kunywa yalirudi tarehe 18 Novemba. Siku 53. Ukasoma maelekezo waliyokuwa wakipewa watu namna ya kuflashi choo kwa ndoo, yamechorwa, yana mishale! Nikasema hawa wangepiga simu Likoni tu, kule kila mtoto ana shahada ya ndoo.

ZUHURA: Maelekezo gani hasa?

MWINYI: Ya maana kweli, maana watu walikosea. Wengi walijaza lile tangi la nyuma kwa maji ya kijito. Kosa. Maji yale yana mchanga, mchanga unakaa kwenye vali na chini ya ule mpira unaofunika tundu. Mpira haukai sawa tena, siku maji ya bomba yanarudi choo kinavuja usiku kucha. Maji machafu mimina kwenye bakuli lenyewe. Na usimimine kwa adabu. Lita 6, kwa mkupuo, ndoo juu kidogo ya kiuno.

ZUHURA: Kwa nini kwa mkupuo?

MWINYI: Ile shingo ya nyuma ya choo lazima ijae yote kwa pamoja ndipo ivute. Ukimimina polepole maji yanapanda, yanateremka, mzigo unakutazama palepale. Ndoo ya Marekani ni galoni 5, lita 19, inatosha mara tatu. Choo cha kabla ya miaka ya 1990 kinataka lita 13 kwa mara moja, hapo ndoo haifiki mara mbili.

ZUHURA: Kilo 19 ghorofa ya tatu, lifti haina umeme.

MWINYI: Ndiyo maana vikundi vya kujitolea vilizunguka na pikapu, nyuma lile tangi la plastiki lenye fremu ya chuma, lita 1,000, wakiingia kwenye nyumba za wazee mlango kwa mlango, wanaflashi, wanaaga. Hiyo ndiyo serikali bibi kizee aliyoiona. Kijana mwenye ndoo.

ZUHURA: Hiyo ni namba yangu ya tatu, umeiruka na kuiharibu.

MWINYI: Lakini sababu ya siku 53 ni tamu zaidi. Bwawa la North Fork, linalotoa sehemu kubwa ya maji ya mji, halikubomoka. Mabomba ndiyo yaliyokwenda. Mwaka 2004, mafuriko ya vimbunga Frances na Ivan yalikata bomba kuu. Mji ukajifunza, ukalaza bomba la akiba, inchi 36, chini kama mita 7 na nusu. Helene ikalifukua. Na barabara imekwenda pia, kwa hiyo kwanza ujenge njia ya kulipitisha bomba jipya ndipo ulilaze.

ZUHURA: Lakini bomba waliliunga Oktoba.

MWINYI: Waliliunga, maji yakaja ya rangi ya chai ya maziwa. Mtambo wa pale huchuja moja kwa moja, hauna mabirika ya kutuliza tope, kwa sababu ziwa lile lilikuwa safi miaka yote, nani angejenga? Ukipeleka tope kwenye machujio yanaziba. Kwa hiyo ikabidi walitibu ziwa lenyewe. Kwa kitu gani? Shabu!

ZUHURA: Shabu hii ya dukani?

MWINYI: Ndugu yake hii bibi zetu wanayozungushia kwenye mtungi. Shabu inakusanya chembe za tope, zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Ila shabu inayafanya maji kuwa na asidi, na asidi ikizidi chembe hazishikani vizuri, kwa hiyo unaongeza soda kali kusawazisha. Na mapazia ndani ya maji kuzuia tope lisisogee kwenye mdomo wa kuingilia mtamboni. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani nacho kikaleta mitambo ya kusafisha ya kubebeka. Hakuna aliyepiga video ya shabu ikizama, Zuhura. Video ziko za ndoo. Halafu watu wanasema serikali haikufanya kitu.

ZUHURA: Hapana, hapo umeteleza. Watu hawakukasirika kwa sababu hawakuona shabu. Walikasirika kwa sababu ya barua.

MWINYI: Barua gani?

ZUHURA: Barua ya FEMA. Mtu nyumba imejaa tope mpaka dirishani, anafungua barua anasoma kwamba hajaidhinishwa. Ukisoma mpaka ukurasa wa ndani ndiyo unakuta maana yake ni "leta karatasi". Mwenye bima ya nyumba anatakiwa kwanza alete barua ya bima inayosema imelipa kiasi gani au imekataa. Mwenye shamba la urithi, hati ina jina la babu aliyekufa zamani, athibitishe kuwa ni lake. Tangu 2021 wanakubali tamko lako mwenyewe kama huna karatasi nyingine, lakini nani alimwambia? Yeye ameona neno la kukataliwa, akaitupa barua. Jioni jirani anamwambia hela imekwenda kwa wahamiaji. Utamlaumu kwa kuamini?

MWINYI: Simlaumu yeye. Nawalaumu waliousema uvumi wakijua. Donald Trump alizisema 750 na wahamiaji jukwaani, kampeni imepamba moto. Oktoba mtu mmoja mwenye silaha akakamatwa kaunti ya Rutherford kwa vitisho dhidi ya wafanyakazi wa FEMA, wakasitisha kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa muda. Waliokosa mkaguzi wiki ile ni nani? Haohao waathirika.

ZUHURA: Na habari za kwanza zilisema lori zima la wanamgambo, kumbe mtu mmoja. Kwa hiyo uvumi ulikuwa pande zote.

MWINYI: Mtu mmoja mwenye bunduki si uvumi.

ZUHURA: Sijasema ni uvumi. Nasema imani haikuvunjwa na jukwaa peke yake. Florida, baada ya kimbunga Milton, msimamizi mmoja wa timu ya FEMA aliwaagiza watu wake waruke nyumba zenye mabango ya Trump. FEMA wenyewe walikiri na kumfukuza. Sasa huyo bwana wa mlimani aamini nini?

MWINYI: Florida, kimbunga kingine, nyumba zipatazo 20. Huwezi kuhamishia North Carolina.

ZUHURA: Aliyefunikwa na tope hahesabu kaunti.

MWINYI: Sisi wenye maikrofoni tunahesabu! Ukisema "aliona bango la Florida ndiyo maana hakujiandikisha", unampa mwongo udhuru.

ZUHURA: Na ukisema ni uongo tu, unaipa ofisi udhuru wa kutorekebisha barua. Mwanasiasa huwezi kumfunga mdomo. Barua unaweza kuiandika upya kesho asubuhi.

MWINYI: Hata ingeandikwa kwa dhahabu, asiyefungua mlango haisomi.

ZUHURA: Sikubali.

MWINYI: Wala mimi.

ZUHURA: Basi twende mbele.

MWINYI: Twende, lakini sijakubali.

ZUHURA: Miji. Hii ndiyo niliyoitaka zaidi. Pesa kubwa haiendi kwa mtu, inaenda kwa mji na kaunti, na inaenda kwa kurudishiwa. Mji unalipa kwanza. Mji mdogo kama Chimney Rock, mto umepita katikati yake, utalipa kwa hela gani? Chukua uzoaji wa vifusi. Lori linapimwa ujazo, linapewa namba. Likifika dampo, mkaguzi yuko juu ya kimnara, anatazama ndani, anakadiria limejaa asilimia ngapi, anaandika tiketi. Lori limejaa matawi yamekaa hovyo, anakata asilimia. Tiketi ikipotea au kifusi kimetoka kiwanja cha mtu bila fomu ya ruhusa, malipo yanakwama, na mkandarasi anaudai mji.

MWINYI: Na mchango wa serikali kuu?

ZUHURA: Kawaida angalau asilimia 75. Biden aliidhinisha 100 kwa miezi sita kwa vifusi na hatua za dharura. Gavana wa North Carolina, Josh Stein, akaomba muda uongezwe, Aprili 2025 serikali ya Trump ikakataa. Juni, Kristi Noem, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani mwenye FEMA chini yake, akaagiza kila matumizi ya zaidi ya dola 100,000 yapite mezani kwake. Kwa mji, 100,000 ni kama hakuna kitu. Ni kipande cha bomba.

MWINYI: Inchi 36.

ZUHURA: Usianze.

MWINYI: Nauliza tu, ndoo ngapi kwa dola 100,000?

ZUHURA: Unaona sasa fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Nina madaraja binafsi hapa, nina namba nne na tano sijazigusa!

MWINYI: Sema la madaraja kwa kifupi.

ZUHURA: Familia nyingi kule zinaishi ng'ambo ya kijito, daraja ni la kwao wenyewe, si la kaunti. FEMA inaweza kusaidia kama ndiyo njia pekee ya kufika nyumbani. Mkikaa nyumba nne mnatumia daraja moja, kila nyumba ijiandikishe peke yake, na mkubaliane gharama zinagawanywaje. Mmoja akigoma, faili la wote linalala. Namba nne na tano basi, nazifuta.

MWINYI: Na rufaa? Kuna mtu anatusikiliza ana barua mkononi, labda ya maafa mengine kabisa.

ZUHURA: Siku 60 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoipokea. Ukipiga simu FEMA omba mkalimani. Si lazima wewe uwe raia: mkimbizi, mwenye green card, aliyepewa hifadhi, wote wanaweza kuomba, na mzazi asiye na karatasi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto raia anayeishi naye. Kila ukurasa unaotuma, pamoja na risiti na picha, andika juu jina lako, ile namba yako ya maombi yenye tarakimu 9, na namba ya maafa. Helene ya North Carolina ni 4827. Ukurasa usio na namba ukichomoka kwenye...

MWINYI: Fundi kasimama.

ZUHURA: Ukichomoka kwenye faili haurudi. Haya, kwaherini.