Vidonge Vinne na Usiku wa Mbalamwezi

MADUHU: Mwangaluka, wasikilizaji wetu wa Mwanza na kokote mliko. Ni mimi Maduhu, mwanafunzi wa uuguzi, na pembeni yangu yupo Sista Kabula kama kawaida. Shikamoo, Sista.

KABULA: Marahaba, mwanangu. Mbona una sura ya mtu aliyeibiwa nauli ya daladala?

MADUHU: Jumatatu tuna mtihani wa nadharia za uuguzi. Nightingale, Henderson na mahitaji yake 14, Orem, Pender. Kuchoma sindano sina shida, lakini vile visanduku na mishale vya michoro ya nadharia zao, Sista, naviota usiku.

KABULA: Hata mimi vilinitesa. Nilikuja kuvielewa miaka baadaye, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale mwaloni, kwenye ufukwe wa wavuvi, pembeni kuna boksi zima la dawa za kichocho na hakuna hata mtu mmoja anayekuja kumeza.

MADUHU: Hiyo hujawahi kunisimulia.

KABULA: Tutafika. Kwanza nisomee Nightingale.

MADUHU: Florence Nightingale, Mwingereza. Alifika Scutari, kwenye hospitali ya jeshi la Waingereza huko Uturuki, mwaka 1854, wakati wa Vita vya Crimea. Alisisitiza hewa safi, maji safi, mifereji ya maji machafu, usafi na mwanga.

KABULA: Watu wanamkumbuka kwa taa aliyozunguka nayo usiku kuangalia wagonjwa. Mimi namkumbuka kwa mitaro. Mwaka 1855 ilikuja tume ya usafi ikazibua mitaro ya ile hospitali, na vifo vikashuka sana. Kumbuka siku zile hata hawakujua habari za bakteria. Yeye mwenyewe aliamini hewa chafu ndiyo inayoleta maradhi. Sababu alikosea, mtaro akapatia!

MADUHU: [anacheka] Hiyo naiandika kwenye mtihani.

KABULA: Utapewa sifuri. Sasa yachukue hayo matano uende nayo mwaloni. Maji ya kuoga ni ziwa. Ya kufulia, ziwa. Choo? Wengine ni kule nyuma ya mawe. Mayai ya kichocho cha tumbo yanatoka na kinyesi, mvua inayasukuma majini, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono. Vikitoka humo vinatafuta ngozi ya mtu, na vinatoka kwa wingi jua likiwa juu. Saa sita mchana mama amesimama majini mpaka magotini anafua, anaona maji meupe, masafi kabisa.

MADUHU: Na hapo mwalimu wetu anaingiza modeli ya imani ya afya.

KABULA: Ilianzaje?

MADUHU: Marekani, miaka ya 1950. Hochbaum, Rosenstock na wenzao walikuwa idara ya afya ya umma. Gari la eksirei la kupima kifua kikuu linafika mpaka mtaani, bure, na bado watu hawaji. Wakauliza kwa nini. Wakaona inategemea mtu anavyojiona: Je, mimi naweza kuupata? Ni ugonjwa mzito? Nikipima nitafaidika nini? Na kinachonizuia ni nini?

KABULA: Eeh! Sasa sisi safari ile tulibeba maswali mawili ya mwanzo tu. Tulichapisha picha kubwa ya mtu tumbo limejaa maji, na nikaeleza kwa sauti kuwa ini likiharibika mtu anaweza kutapika damu mpaka afe. Watu wakaja, wakaangalia, wakasema masikini, pole yake. Wakarudi kuanika dagaa.

MADUHU: Hawakuogopa?

KABULA: Waliogopa vizuri tu. Kijana mmoja wa mtumbwi nikambana, nikamuuliza wewe humezi kwa nini? Akaniambia, "Sista, vidonge vinne vikubwa kwa mpigo, vichungu, tumbo tupu. Jioni naingia majini. Kichwa kikinizunguka huko katikati, utakuja kunitoa wewe?"

MADUHU: Duh.

KABULA: Na anasema kweli. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne, na ukimeza bila kula, kizunguzungu na kichefuchefu vinaweza kukupata kweli. Wengine walinikumbusha kwamba walipewa shuleni wakatapika mbele ya darasa zima. Hilo huliondoi kwa picha ya tumbo.

MADUHU: Hiyo kwa Pender ni tabia ya nyuma, yaani uzoefu wa mtu na jambo lenyewe.

KABULA: Endelea, naona visanduku vimeanza kuongea.

MADUHU: Nola Pender, muuguzi wa Marekani. Modeli yake ya kukuza afya ilitoka 1982, akaifanyia marekebisho 1996. Aliongeza vitu vitatu: hisia za mtu juu ya tendo lenyewe, kujifunga na mpango, na mambo yanayoshindana na huo mpango papo hapo. Na tofauti yake kubwa na ile ya kwanza, hofu ya ugonjwa hakuifanya injini.

KABULA: Hapo ndipo nilipompenda yule mama. Maana bibi mmoja mwanika dagaa, alikuwa anatuangalia tu tangu asubuhi, akaniambia, "Ninyi mmekuja giza. Njooni mbalamwezi."

MADUHU: Giza saa nne asubuhi?

KABULA: Wewe Msukuma gani hujui dagaa? Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwakusanyi vizuri. Hivyo siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika, vijana wako nchi kavu wanashona nyavu na hawana safari jioni. Wiki nzima tulikuwa tunapanga kwa kalenda ya ukutani, kumbe kalenda yao iko juu.

MADUHU: Mkarudi?

KABULA: Tukarudi mwezi mpevu, na sufuria la uji. Unakunywa uji kwanza, unasimama kwenye fimbo ya kupimia urefu ijulikane umeze vidonge vingapi, unameza, unalala kivulini. Yule kijana alikuwa wa tatu kwenye foleni. Hakubadilika imani hata moja, naapa. Tulikiondoa kilichomzuia.

MADUHU: Kwa hiyo Pender kashinda.

KABULA: Hapana, na hapa nagombana naye kidogo. Modeli yake inakaa sana ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Dawa ile inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki, na haikupi kinga. Kesho yule mama anarudi majini kufua kwa sababu bomba hana. Utamwambia nini, ajiamini zaidi?

MADUHU: Hapo wanaleta Mkataba wa Ottawa, 1986. Kwamba kukuza afya ni pamoja na kujenga mazingira yanayosaidia, siyo kumhubiria mtu tu.

KABULA: Na ndipo ninapomrudia Nightingale na mitaro yake. Wakati tunasubiri bomba, mwambie lile linalowezekana leo: maji ya kuoga achote, ayaweke kwenye pipa siku mbili, vile vijidudu vinakufa. Au ayachemshe. Kama ana mapipa mawili anapokezana. Mwenye ndoo moja, bado tunarudi palepale.

MADUHU: Orem nimuweke wapi? Sijamgusa kabisa.

KABULA: Orem ni kujihudumia mwenyewe, na muuguzi anaziba pale mtu asipoweza. Uliza swali moja tu: hiki anaweza mwenyewe, au mpaka nimsaidie? Inatosha kwa Jumatatu.

MADUHU: Na huo uji, Sista, ulitoka bajeti gani?

KABULA: Bajeti? Unga tulichanga. Sufuria langu, la nyumbani. Mpaka leo halijarudi.