Kurekebisha Katriji ya Ortofon 2M Black kwenye Technics SL-1200

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutaifunga katriji ya Ortofon 2M Black, yaani kile kifaa kinachobeba sindano, kwenye mkono wa mashine ya kuchezea santuri ya Technics SL-1200, kisha tutairekebisha hatua kwa hatua, tukianzia kwenye nyaya nne za nyuma na kuishia kwenye amplifaya. Mwenye mashine ya aina nyingine anaweza kufuata utaratibu huu huu, ila vipimo vya mkono wake avisome kwenye kijitabu cha mashine yake.

Kinachoifanya katriji hii idai uangalifu ni ncha ya sindano. Almasi yake imechongwa kwa mtindo wa Shibata, uliobuniwa Japani kwa ajili ya santuri za chaneli nne za miaka ya 1970, na hugusa kuta za mfuo, yaani ule mfereji mwembamba wa santuri unaobeba sauti, kwa mstari mwembamba uliosimama, si kwa nukta kama sindano ya mviringo. Mstari huo ukikaa sawasawa, husoma hata mawimbi madogo kabisa ya sauti za juu. Ukipinda, kila "s" ya mwimbaji hugeuka mchakacho, na hapo sindano ya bei nafuu inaweza kutoa sauti ya kupendeza kuliko hii.

Zima mashine, kisha weka pimamaji juu ya sahani na uzungushe miguu ya mashine hadi povu litulie katikati kwa pande zote mbili. Chomoa sindano kwenye mwili wa katriji na uiweke mbali na mikono yako, kwa sababu hatua inayofuata inahitaji nguvu kidogo na kijiti cha sindano, kile chembamba kinachobeba almasi, hakivumilii kuguswa.

Shika nyaya kwa kibano, kwenye vile vishikizo vya shaba na wala si kwenye waya wenyewe. Nyeupe ni chanya ya kushoto na buluu ni hasi yake. Nyekundu ni chanya ya kulia na kijani ni hasi yake. Mwili wa 2M una matundu yenye hesi, kwa hiyo skrubu huingia moja kwa moja kutoka juu bila nati. Zikaze kiasi tu cha kuizuia katriji isianguke, kwani bado tutaisogeza, kisha rudisha sindano mahali pake.

Sasa tusawazishe mkono. Rudisha gurudumu la antisketingi, linalopinga mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, kwenye sifuri, toa kifuniko cha sindano, na uzungushe uzito wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe, sambamba na sahani, bila kupanda wala kushuka. Shika uzito usizunguke, geuza pete yake ya namba isome sifuri, halafu zungusha vyote viwili pamoja hadi 1.5. Ortofon wanapendekeza gramu 1.5, na wanaruhusu kati ya 1.4 na 1.7. Usidanganyike kwamba uzito mdogo unahifadhi santuri: sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfuo na kuzigonga kuta, na madhara yake ni makubwa kuliko ya gramu mbili zilizotulia.

Tunafika kwenye kazi inayostahili muda wako mwingi, yaani mahali katriji inapokaa ndani ya kichwa cha mkono. Mkono huu umefungwa upande mmoja na kuzunguka kwenye egemeo, ilhali mashine iliyokata santuri ilisafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo sindano inaweza kulingana kikamilifu na mfuo katika sehemu mbili tu za santuri, na kwingineko kote itakuwa imekengeuka kidogo. Hesabu za kuchagua sehemu hizo ziliandikwa na watafiti Löfgren mwaka 1938 na Baerwald mwaka 1941, nazo bado zinatumika. Kwa mpangilio wa Baerwald, sehemu hizo ziko milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati ya sahani.

Technics wana kipimo chao cha plastiki kinachoweka ncha ya sindano milimita 52 kutoka mwanzo wa kichwa cha mkono. Kipimo hicho kinatosha kwa kuanzia, lakini kwa ncha ya Shibata mimi hutumia karatasi ya kupimia yenye zile sehemu mbili. Tazameni kamera inavyosogea: ncha inatua kwenye alama ya ndani, na macho yangu yanakifuata kijiti cha sindano, si ukingo wa katriji, kwa maana kijiti chaweza kutoka kiwandani kikiwa kimeelekea pembeni kidogo. Kijiti kikiwa sambamba na mistari hapa, hamia alama ya nje. Kikiwa kimepinda huko, sogeza katriji mbele au nyuma kwa unene wa ukucha, rudi ndani, angalia tena. Subira ya hapa hulipwa karibu na lebo. Pembezoni mwa santuri ya mzunguko wa 33, mfuo hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kila sekunde. Kwenye nyimbo za mwisho mwendo huo hushuka hadi kama 21, mawimbi hubanana, na kosa dogo la pembe husikika.

Kaza skrubu kwa zamu, robo mzunguko kila moja, kisha hakiki tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza katriji. Baada ya hapo pima uzito upya kwa mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu, ukihakikisha kitako cha mizani kiko kwenye kimo cha santuri.

Kuhusu kimo cha mkono, pana maneno mengi kuliko hesabu. Weka santuri, shusha sindano, utazame mkono kwa ubavu: uwe sambamba na santuri. Kwa kuwa 2M ni ndefu kwenda juu, huenda ukahitaji kuinua pete ya kimo, ambayo katika SL-1200 ina nafasi ya milimita 6. Urefu wa mkono huu kutoka egemeo hadi ncha ni milimita 230, hivyo kubadilisha pembe ya sindano kwa digrii moja tu kunahitaji kuinua egemeo milimita 4. Tofauti kati ya santuri nyembamba na ile nzito ya gramu 180 haifiki milimita moja. Anayerekebisha kimo kila anapobadilisha santuri anajichosha bure. Inua au shusha milimita moja moja, sikiliza matoazi na sauti ya mwimbaji, chagua, kisha funga wenzo wa kuikaza pete hiyo.

Tazama pia katriji kwa mbele, ukiwa umeweka kioo kidogo chembamba chini ya sindano. Sindano na taswira yake zifanye mstari mmoja usiovunjika; zikivunjika, kipande cha karatasi upande mmoja wa skrubu hunyoosha mambo.

Antisketingi ianze kwenye 1.5. Mkono huvutwa kuelekea katikati, hivyo ukuta wa ndani, wenye chaneli ya kushoto, hubanwa zaidi, na ule wa nje huachwa. Ukisikia mkwaruzo upande wa kulia kwanza, ongeza. Ukianzia kushoto, punguza. Santuri tupu isiyo na mifuo si kipimo kizuri, maana msuguano wake ni tofauti na wa muziki.

Mwisho ni amplifaya. Iwekwe kwenye ukinzani wa kiloomu 47, na jumla ya kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) ya nyaya na ya amplifaya iwe kati ya pikofaradi 150 na 300. Waya mrefu huongeza kapasitansi na kubadilisha sauti za juu, kwa hiyo ufupishe kabla hujailaumu katriji.

Wenye hazina ya santuri za zamani wasikilize hapa: zile za mzunguko wa 78, mathalani taarabu ya Siti binti Saad aliyoanza kuirekodi Bombay mwaka 1928, zina mifuo mipana inayotaka sindano yake ya peke yake. Msiziguse kwa Shibata. Za mzunguko wa 45 zilizotoka Nairobi miaka ya 1970 zinafaa, ila zisafishwe kwanza, na baada ya saa chache za kusikiliza rudini kwenye mizani, kwa kuwa kiungo laini cha sindano mpya kitakuwa kimelegea kidogo na kimo cha mkono kitahitaji kutazamwa upya.