Bila Msuli Huu Hushiki Kitu

Mwaka hata mwaka nasimama hapa nauliza: ekstensa kapi radialisi brevisi, msuli wa nyuma ya kigasha, kazi yake nini? Jibu ni lile lile. "Kunyanyua kiganja juu, mwalimu." Basi? Mungu kakupa msuli mzima ili usimamishe bodaboda?

Shikeni kalamu. Kunja kifundo cha mkono kwa ndani mpaka mwisho, kisha, kikiwa hivyo hivyo, fumba ngumi. Kwa nguvu, nimesema! Wewe wa nyuma usicheke, jaribu. Jirani akiichomoa kalamu, utamzuia? Sasa nyanyua kifundo kidogo kwa nyuma, nyuzi 20 au 30, ufumbe tena. Mmeona?

Misuli inayofumba vidole imelala kwenye kigasha, na kano zake hupita kifundoni kabla ya kufika vidoleni. Kifundo kikikunjwa, misuli hiyo inakuwa imeshafupika, haina pa kuvutia. Tena ikivuta, inakikunja kifundo chenyewe. Lazima uwepo msuli wa kukizuia kwa nyuma, na ndio huu. Unaanzia kwenye kinundu cha nje cha kiwiko, unashuka nyuma ya kigasha, unajishikiza kwenye tako la mfupa wa tatu wa kiganja, ule wa kidole cha kati. Mwenzake mrefu unaanzia juu kidogo na kuishia mfupa wa pili. Ule wa upande wa kidole cha mwisho mtausoma wenyewe.

Najua mtakachosema: "Mwalimu, kiwiko cha tenisi, yale maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, ni cha wazungu." Nani kasema? Anayekamua nguo, anayekuna nazi, fundi anayekaza skrubu kutwa nzima, wote wanashika, na kila wakishika msuli huu uko kazini. Anakuja analalamikia kiwiko. Unamsugua kiwiko, unampa vidonge, kesho yumo kwenye skrubu zake, nawe unashangaa haponi! Mwambie anyanyue kifundo huku unakikandamiza. Akiruka kwa maumivu pale kwenye kinundu, umempata. Na kano yenyewe mara nyingi imechakaa kuliko kuvimba, kwa hiyo izoeshe mzigo kidogo kidogo.

Neva inayouamuru msuli huu, harakaharaka: radiali. Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati, neva hiyo inaweza kuumia. Kiganja kinaning'inia, na mgonjwa anashindwa kushika vizuri ingawa misuli ya kufumba vidole ni mizima. Mfungie kibao kinachoinua kifundo, kisha mpe kikombe.

Mifereji ya kano nyuma ya kifundo tunairuka, mwenye ukumbi ananikodolea macho. Haya, maswali.