Mkopo wa Nyumba: Anza na Hati, Malizia na Jedwali

Wana SACCOS wenzangu, asanteni kwa kunialika. Mmetaka nieleze mkopo wa nyumba hapa Tanzania unavyopatikana. Yaliyo mepesi nitayapita haraka, ili muda wetu uende kwenye fedha zenu.

Wengi wetu tunaanza na nyumba. Mtu anaipenda, anamwachia dalali kitu kidogo, ndipo anakimbilia benki. Benki yenyewe inaanza na wewe. Inataka hati yako ya mshahara, taarifa ya akaunti na orodha ya madeni mengine. Ukimwona ofisa mikopo amezama kwenye kikokotoo, anaangalia kama baada ya makato yote utabaki na theluthi ya mshahara. Isipobaki, uzuri wa nyumba hautakusaidia.

Nyumba inafuata, na hapo kinachotazamwa ni hati. Ardhi yetu ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, anaishika kwa niaba yetu. Wewe unamilikishwa kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Someni tarehe! Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inakwisha 2031. Mkopo wa miaka 15 utaiegemeaje? Kisha fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, mjue jina lililoandikwa ni la nani, kama kuna rehani ya zamani au zuio, na muulize kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Ile karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha kwamba mliuziana tu. Benki haiwezi kusajili rehani juu yake.

Kama nyumba ya familia ndiyo inayowekwa rehani, mwenza anayeishi humo lazima aridhie. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo. Akina baba wanaocheka huko nyuma, nawaona.

Mthamini atakuja, bima itakatwa, ada zitalipwa. Ulizeni jumla yake mapema, kwa sababu fedha hizo hutoka mfukoni kabla mkopo haujaingia.

Sasa riba. Chukueni kalamu. Tuseme umekopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, kwa miaka 15. Rejesho la mwezi ni kama 840,000. Mwezi wa kwanza, 750,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 90,000 hivi. Ukimaliza, umelipa takriban milioni 151. Mkopo huohuo kwa miaka 10 una rejesho la 968,000, na jumla yake ni milioni 116. Kwa kuongeza 128,000 hivi kila mwezi umeokoa kama milioni 35, ambazo kwa wengi wetu ni kiwanja na msingi wake.

Na kama asilimia 15 hiyo inatozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwaka, bila kujali ulichokwisha kulipa? Jumla inafika milioni 195. Asilimia ni ileile, tofauti ni milioni 44. Ndiyo maana nasema usisaini kabla hujapewa jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, hadi mstari wa mwisho. Ukiambiwa utalipata baadaye, rudi nyumbani.

Muulize pia ofisa mikopo kama riba inaweza kupanda katikati, na kama kulipa kabla ya muda kuna faini.

Mambo yakienda kombo, kazi ikakatika, benki haiamki tu ikapiga mnada. Sheria inaitaka ikupe kwanza notisi ya siku 60. Siku hizo si za kuzima simu. Nenda kabla hata ya notisi, omba muda wa mkopo urefushwe, na kila mnachokubaliana kiandikwe. Ukiona haiwezekani, omba uiuze nyumba mwenyewe kwa ridhaa ya benki, maana bei ya mnada mara nyingi huwa ya chini.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa safu ya pili, aliyeinua mkono tangu nilipotaja milioni 195.