Safari ya Kigae cha Chungu: Kutoka Shimoni Hadi Kwenye Boksi

Karibuni. Ukijitolea kwenye uchimbaji wa akiolojia, jiandae kushika vigae vingi vya vyungu. Chungu huvunjika upesi, lakini udongo uliochomwa hauozi, kwa hiyo vigae hubaki pale ambapo mbao na nguo zimeshatoweka. Leo tunakifuata kigae hatua kwa hatua.

Tuanze shimoni. Shika mwiko, kama ule wa fundi mwashi, hivi, ukwangue udongo kuelekea kwako kwa ubavu wa mwiko, si kwa ncha. Kigae kikichomoza usikivute. Kwangua pembeni mpaka kilegee. Udongo ukibadilika rangi au ugumu, simama umwite msimamizi, maana huenda umeingia tabaka jingine. Kila tabaka lina ndoo yake na lebo yake: jina la eneo, namba ya shimo, namba ya tabaka na tarehe.

Hapo kwenye lebo naomba mnisikilize sana. Mwishoni mwa karne ya 19 Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, aliyapanga makaburi ya kale ya Misri, yakiwemo ya Naqada, kwa kufuatana kwa wakati, akitegemea mabadiliko ya vyungu vilivyozikwa na maiti. Aliweza kwa sababu alijua kila chungu kimetoka kaburi lipi. Kigae chenye nakshi nzuri kisicho na namba ya tabaka kimepoteza zaidi ya nusu ya habari zake. Kwangu mimi, kigae cha kawaida chenye lebo ni bora kuliko hicho.

Sasa kuosha. Kabla ya maji, muulize mtaalamu wa vyungu ni vigae vipi visioshwe. Kigae kikiwa na ukoko mweusi kwa ndani, usikiguse kwa mkono mtupu. Kiweke kando, kwani maabara inaweza kukuta humo mabaki ya mafuta ya nyama, samaki au maziwa. Chenye rangi inayobanduka nacho kiache.

Vilivyobaki, chukua karai, maji matupu bila sabuni, na mswaki laini. Usiviloweke, kwa sababu vilivyochomwa kwa moto mdogo hulainika na kumeguka. Chovya, sugua, toa. Usoni pita kwa wepesi usije ukafuta nakshi. Kwenye kingo zilizovunjika ndipo pa kutumia muda. Tazama hapa karibu: mvunjiko ukiwa safi unaona mfinyanzi alichanganya nini na udongo wake, mchanga, makombe ya viumbe wa majini yaliyosagwa, au chungu cha zamani kilichopondwa. Huu mstari mweusi katikati mara nyingi unaonyesha kwamba moto haukudumu, au hewa haikutosha. Isitoshe, vipande viwili vya chungu kimoja havikai pamoja kukiwa na tope katikati.

Osha tabaka moja tu kwa wakati mmoja. Kabla ya kumwaga maji, papasa chini ya karai. Vigae vidogo hujificha kwenye tope.

Anika kivulini, kwenye trei ya wavu, lebo ikiwa ndani ya trei. Trei zikiwa mbili, andika lebo mbili. Usifungashe kigae kibichi, kitaota ukungu.

Vikikauka, tenga midomo, vitako, mikono, vyenye nakshi, na vipande vya ubavu. Mdomo usimamishe juu ya chati hii ya miduara, uusogeze mpaka upinde wake ulingane na mstari mmoja: huo ndio upana wa mdomo wa chungu kizima. Kisha hesabu na upime uzito, vyote viwili. Chungu kimoja kilichosagika vipande 60 hudanganya kwa idadi, ila uzito haudanganyiki hivyo.

Kuandika namba ni kazi ya mkono mtulivu. Paka tone la Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu, upande wa ndani, kamwe si kwenye mvunjiko, subiri likauke, andika kwa wino, paka tena juu. Inaondoka kwa asetoni ikibidi. Gundi usiiguse bila kuagizwa.

Mwisho, weka vigae kwenye mifuko yenye matundu madogo, lebo moja ndani na maandishi yaleyale nje, vizito chini ya boksi. Jaza daftari la mabaki kabla hujaondoka mezani, kisha mkabidhi msimamizi boksi na daftari kwa pamoja.