Inawaka, Ila Haigandishi

REHEMA: Mbukwenyi, mbukwenyi wasikilizaji! Karibuni tena barazani. Mimi Rehema, niko na mdogo wangu Yona, na mkisikia mbwa wanabweka huko nyuma ni wa jirani yangu hapa Kikuyu, hatuna la kuwafanya.

YONA: Na upepo, dada. Mwezi wa saba Dodoma upepo nao ni mtangazaji wa tatu. Habari zenu jamani.

REHEMA: Leo nimekuja na hasira zangu za neno moja tu. "Inawaka."

YONA: La kwenye matangazo.

REHEMA: La kwenye matangazo ya vitu vya zamani mtandaoni. Friji inawaka. Redio inawaka. TV ya chogo inawaka. Mdogo wangu, hata kibatari kinawaka!

YONA: (anacheka) Basi tuanze na hiyo friji, maana watu wanaiona barazani kwako wanadhani umefungua genge la soda.

REHEMA: Ngoja kwanza niseme kwa nini niliitaka, nisionekane chizi. Nikiwa mdogo Mpwapwa, kwa wamisionari kulikuwa na friji moja nene, rangi ya maziwa, kona za mviringo, mshikio wa chuma kama wa mlango wa Land Rover. Ukiifunga inaitikia: kup! Na ile haikuwa ya umeme. Ilikuwa ya mafuta ya taa. Moto unawaka chini, barafu inatoka juu. Watoto wangu nikiwaeleza wanadhani nawatania.

YONA: Ni kweli kabisa. Zile moto ndio unaochemsha amonia itoke kwenye maji, inazunguka kwenye mabomba, halafu inachukua joto la ndani. Hakuna kompresa, hakuna mota, kimya kabisa.

REHEMA: Unaona? Ile ndiyo friji ya kusema inawaka. Inawaka na inagandisha. Sasa mwaka jana nikaona tangazo, friji sura ileile, ila ya umeme. Muuzaji yuko Dar. "Friji antiki, inawaka, haina tatizo lolote, sababu ya kuuza nahama, maongezi yapo." Laki mbili. Nikaongea naye mpaka laki na themanini. Nikamwomba picha, akatuma tatu. Moja mlango umefunguliwa, taa ya ndani inaonekana inang'aa. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

YONA: Taa.

REHEMA: Taa. Sikiliza sasa. Ikapakiwa kwenye Fuso, elfu thelathini, ikashushwa Kizota usiku. Nimefika pale naikuta imelazwa chali, juu yake magunia ya nazi. Dereva ananiambia, "Mama usiwe na wasiwasi, imelala vizuri tangu Morogoro."

YONA: Na wewe ulipofika nyumbani ukaichomeka.

REHEMA: Ningefanyaje? Nilikuwa na hamu!

YONA: Dada, hapo nilishakwambia na leo narudia mbele ya watu. Friji iliyolazwa, mafuta ya ndani ya kompresa yanahamia kwenye mabomba. Isimamishe, iache bila umeme, lala, amka kesho ndiyo uchomeke. Ukiwasha papo hapo unaizungusha kompresa kavu.

REHEMA: Haya, nimekoma. Nikachomeka. Taa ikawaka, kweli, hakunidanganya. Halafu kule nyuma nikasikia mmmmmm, kama mtu anayebeba gunia, halafu tak! Kimya. Baada ya dakika chache tena, mmmmmm, tak! Nikampigia. Akaniambia, "Dada mimi nilisema inawaka. Sikusema inagandisha."

YONA: (anacheka sana) Huyo ana shahada.

REHEMA: Na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu ukiliangalia tangazo, kweli hakusema! Ni mimi niliyejazia mwenyewe. Mtu akikwambia gari linawaka, unajua ni injini. Akikwambia friji inawaka, moyo wako unajiambia ni baridi. Lile neno wanalitumia kwa makusudi.

YONA: Fundi alisemaje?

REHEMA: Fundi wangu wa Chang'ombe alikuja na mita yake, akabadilisha rilei, kile kifaa cha kuistua kompresa, na kompresa ikaanza kuzunguka. Tukashangilia. Saa tatu baadaye ndani joto lilelile la barazani. Akaniita nyuma, akafuta vumbi kwenye kile kibati, akaniambia soma. Imeandikwa R12.

YONA: Eeh. Hapo ndipo pa kueleza kidogo, maana wanunuzi wengi wa friji za zamani hawakijui hicho kibati. R12 ndiyo gesi ya friji za enzi zile. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulikuja kuikomesha kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996, nchi zinazoendelea zikapewa mpaka 2010. Kwa hiyo friji ya gesi hiyo ikivuja, huendi dukani kusema nijazie kama ilivyokuwa.

REHEMA: Mimi nikamwambia, si ujaze hizi za sasa?

YONA: Na kuna mafundi watakukubalia hapohapo! R134a haipatani na mafuta yale ya zamani yaliyomo kwenye kompresa, inataka mafuta ya aina yake. Halafu kuna R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto, na friji ya zamani ina swichi na thamostati zinazotoa cheche humohumo ndani. Fundi mkweli atakwambia: kompresa nyingine, filta nyingine, kapilari nyingine, na tundu litafutwe lizibwe.

REHEMA: Ndivyo alivyoniambia. Laki mbili na ishirini. Kwa friji ya laki na themanini. Nikamshukuru, nikampa soda. Ya moto.

YONA: (anacheka) Mimi sasa nikikwambia langu utasema afadhali friji. Unajua hapa mjini tangu serikali ianze kuhamia 2016, biashara ya vitu vya watu wanaohama imekuwa kubwa. Mmoja kaletwa Dodoma, mwingine kahamishwa kapelekwa Mtwara, kila wiki kuna mtu anauza nyumba nzima. Nikampata bwana mmoja Area D, aliishi Marekani miaka mingi, anauza mashine ya kupigia santuri. Nzuri, jamani. Mbao, kifuniko cha plastiki, imetunzwa. Na mimi nina zile santuri za dansi za marehemu baba.

REHEMA: Zile alizokuwa haruhusu mtu kuzigusa.

YONA: Hizohizo. Nikaenda mwenyewe, sikununua kwa picha. Nikageuza nyuma, nikasoma: volti 120, hezi 60. Nikajiona mjanja. Nikasema sisi tuna volti 230, hii nikiichomeka hivihivi inatoa moshi, kwa hiyo nikanunua na transifoma ya kushushia umeme. Nimefika nyumbani, nimemwita mama akae kwenye kochi, nikaweka santuri. Dada! Mwimbaji anatoka... (anavuta sauti) "mpeeenziiii waaanguuu..." Kama anasoma tangazo la msiba. Gitaa zimelewa. Mama ananiangalia, ananiuliza, "Hawa wanaumwa?"

REHEMA: (anacheka) Maskini mama.

YONA: Nikadhani ni mkanda umelegea. Nikabadilisha mkanda. Bado. Nikasafisha, nikatia mafuta. Bado. Wiki mbili! Kumbe transifoma inashusha volti tu, hezi haigusi. Mota ya mashine ile inafuata mapigo ya umeme. Kwao umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Kwa hiyo sahani ya kuzunguka mara 33 na kidogo kwa dakika, hapa inazunguka kama mara 28. Kila wimbo unapungua moja ya sita ya mwendo wake, na sauti inashuka pamoja nao.

REHEMA: Na muuzaji alijua?

YONA: Nadhani hakujua. Nilimpigia, akasema Dodoma hajawahi hata kuitoa kwenye boksi. Huyo simlaumu. Ila nilienda kwa fundi wa kukereza vyuma, akanitengenezea puli ya shaba ya mota, nene kuliko ile ya kwanza kwa moja ya tano. Elfu kumi na tano. Leo mama anacheza.

REHEMA: Kwa hiyo yako iliisha vizuri, na bado unalia.

YONA: Nalilia wiki mbili zangu! Na ile pasi niliyoinunua mtandaoni je? Pasi nililizwa mazima. "Tuma nusu, nusu ukipokea mzigo. Jina litakuja lingine, ni la shemeji yangu." Elfu arobaini, na shemeji sijamwona mpaka leo.

REHEMA: Uliripoti?

YONA: Niliituma namba ya huyo tapeli kwenda 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli. Pesa ndiyo imeshakwenda, ila namba nayo isikae inatesa wengine.

REHEMA: Sasa tugeuze meza, kwa sababu wanunuzi nao si malaika. Niliuza cherehani ya mama, mnakumbuka. Singer nyeusi, ile yenye maua ya dhahabu ubavuni, meza ya miguu ya chuma. Nikaandika kila kitu: inashona mbele na nyuma, mkanda mpya, bobini tatu, na namba iliyogongwa pale chini inaanza na EK. Ukiitafuta hiyo namba inakupeleka kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa 1980. Bei nimeweka, mtaa nimeweka. Unajua ujumbe wa kwanza ulisema nini?

YONA: "Bado ipo?"

REHEMA: "Bado ipo?" Najibu, ipo. Kimya. Wa pili, "Bado ipo?" Ipo. Kimya. Kumi na saba, Yona! Nimehesabu. Wa kumi na nane, "Bei?" Na bei imeandikwa juu ya kichwa chake.

YONA: Na watu wa skrepa?

REHEMA: Alikuja mmoja na mizani! Anataka miguu ya chuma tu, kwa kilo, mashine nibaki nayo. Mashine ya mama yangu iliyonisomesha. Nilimfungulia geti kwa heshima.

YONA: Simulia yule wa simu.

REHEMA: Ah! Saa nne usiku, namba ngeni, sauti nzito. "Mama, hiyo cherehani ina jogoo?" Nikamwambia baba, jogoo ni wa pasi ya mkaa, hii ina sindano. Akasema, "Sawa. Chukua simu nyingine, iweke karibu na sindano. Mtandao ukikatika, usimwambie mtu. Nakuja na milioni mia."

YONA: Zebaki nyekundu.

REHEMA: Zebaki nyekundu! Sikujua ni nini. Wewe ndiye uliyenieleza.

YONA: Ni uvumi wa kale huo. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu walizigombania Singer za zamani mpaka bei zikafika makumi ya maelfu ya dola, eti ndani ya sindano kuna zebaki nyekundu, na kipimo kilikuwa hichohicho cha simu. Hakuna kitu. Kitu chenyewe hakijawahi kuthibitishwa kuwepo. Ila uvumi unazunguka, leo cherehani, kesho pasi, keshokutwa redio, na mwishoni mtu anaambiwa atoe hela ya "vipimo".

REHEMA: Sasa mimi na ujinga wangu nikaweka simu. Mtandao ukakatika! Nusura nizimie. Halafu nikakumbuka, hapa chumbani kwangu mtandao unakatika hata bila cherehani.

YONA: (anacheka mpaka anakohoa) Dada, hiyo hukuwahi kuniambia!

REHEMA: Ningekuambia ungenitangaza. Mwishowe aliyenunua ni fundi mmoja mzee wa Majengo. Hakuuliza bado ipo. Alipiga, akauliza niko nyumbani saa ngapi, akaja na kipande chake cha jinzi mfukoni na uzi wake mwenyewe. Akazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, sikio ameliinamisha kama daktari. Akashona mstari mmoja, akakigeuza kitambaa akautazama upande wa chini, akaukwaruza kwa ukucha. Akasema, "Bi mkubwa alikuwa anaipaka mafuta." Nikashindwa kujibu.

YONA: Alipunguziwa?

REHEMA: Nilimpunguzia elfu thelathini bila yeye kuomba. Tukaandikiana karatasi, tukapita serikali ya mtaa ikagongwa muhuri, ili kesho asisumbuliwe kuwa ni ya wizi.

YONA: Na friji sasa?

REHEMA: Friji nimeitangaza tena jana. Nimesema mimi sitakuwa kama yule. Nimeandika kwa herufi kubwa kabisa: HAIGANDISHI. Kompresa ni ya kubadilishwa, gesi hakuna, inafaa kabati la vyombo au pambo la mgahawa. Elfu themanini. Picha sita, na kibati cha nyuma nimekipiga, na pale mpira wa mlango ulipochanika nimeweka kidole.

YONA: Umepata watu?

REHEMA: Ngoja, hii simu inalia tangu tuanze... Wanne. "Bado ipo?" "Bado ipo?" "Mwisho ngapi?" Na huyu wa nne...

YONA: Soma.

REHEMA: "Habari dada. Nimeipenda sana. Samahani, inagandisha?"