Punda wa Mathayo: mmoja au wawili?

REHEMA: Karibuni tena. Josia leo amekuja amenuna.

JOSIA: Sijanuna. Jumapili ya Matawi nilipangiwa watoto. Nasoma Mathayo 21, wanafunzi wanamletea Yesu punda na mwana-punda, binti mmoja ananyosha kidole: "Mwalimu, aliwapandaje wote wawili?"

REHEMA: Ukamjibu nini?

JOSIA: Nikasema tuimbe.

REHEMA: (anacheka) Haya!

JOSIA: Lakini ana hoja. Marko, Luka na Yohana wana punda mmoja tu. Mathayo kawatoa wawili kwenye Zekaria 9:9: mfalme amepanda punda, naam, mwana-punda. Ule ni ushairi wa Kiebrania, mstari wa pili unarudia wa kwanza. Mnyama ni yuleyule.

REHEMA: Yaani Mathayo, mtu aliyekulia kwenye Zaburi, asijue ushairi wa kwao?

JOSIA: Basi Yesu aliingia Yerusalemu mguu huku, mguu kule, kama mwanasarakasi.

REHEMA: Aliketi juu ya nguo! Tena Marko anasema mwana-punda yule hakuwahi kupandwa. Utampitishaje katikati ya makelele yote yale bila mama yake?

JOSIA: Marko hana mama.

REHEMA: Mathayo anaye.

JOSIA: Kampata kwa Zekaria! Tunazunguka, dada.

REHEMA: Ngoja. Hosea 11:1, mwana aliyeitwa kutoka Misri. Hosea hatabiri pale, anakumbuka Israeli walivyotolewa utumwani. Mathayo 2:15 anamvika mtoto Yesu maneno hayo makusudi, ili tumwone akiipita upya njia ya Israeli. Msomaji wa namna hiyo hababaishwi na punda.

JOSIA: Na vile vipande 30 vya fedha alivyolipwa Yuda, vikanunua shamba la mfinyanzi? Mathayo 27:9 anamtaja Yeremia, maneno mengi ni ya Zekaria 11.

REHEMA: Kwenye kitabu cha Yeremia kuna shamba linalonunuliwa, na mfinyanzi yumo pia. Waandishi wale waliunganisha manabii. Marko anaanza kitabu chake na maneno ya Malaki, ila anamtaja Isaya tu.

JOSIA: Tuimbe?

REHEMA: Jibu hoja!

JOSIA: Nimejibu. Punda ni mmoja.

REHEMA: Wawili. Justino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, kwenye majadiliano yake na Trifoni, Myahudi, anawatumia wote: punda aliyezoea nira ni Wayahudi, mwana-punda ni mataifa.

JOSIA: Ndicho ninachokiogopa! Nabii wa Wayahudi anageuzwa fimbo ya kuwapigia Wayahudi wenyewe. Ukishakubali kila neno lihesabiwe, hujui litaishia wapi.

REHEMA: Hilo mshitaki Justino, Mathayo muache.

JOSIA: Mlango aliufungua Mathayo.

REHEMA: Nakataa.

JOSIA: Kataa. Fundi anatuonyesha dakika moja, na yale mafunzo matatu tuliyoyaandaa hatujayagusa.

REHEMA: Yalikuwa yako, nilishasema ni marefu. Wasikilizaji, tuandikieni: mmoja au wawili?

JOSIA: Biblia haipigiwi kura.

REHEMA: Unaogopa matokeo. Trifoni wiki ijayo.

JOSIA: Na punda wake mmoja.